Namna ya Kumtazama "Mchawi" katika Filamu za Kiyoruba

Picha hiyo mtazamaji wa filamu za Kiyoruba anaifahamu hata kama hajui neno moja la lugha yenyewe. Ni usiku. Chini ya mvule, mti ambao Wayoruba huuita ìrókò, wameketi wanawake watu wazima, na mbele yao kuna chungu chenye mafuta ya mawese. Ndege analia mara moja, na kesho yake asubuhi kuna msiba katika nyumba ya mtu. Chini ya kioo tafsiri ya Kiingereza inaandika neno moja tu, nasi tunaosoma kwa mazoea ya Kiswahili tunalimalizia kichwani: wachawi.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuzitazama filamu hizo kwa makini, ama kwa kujifunza, ama kwa kuandika uhakiki, ama kwa kujadiliana na wenzake, na anayetaka kuelewa kwa nini nguvu za siri ndani yake huvishwa karibu kila mara sura ya mwanamke. Kanuni ninayoisimamia ni moja, na hatua zote zinazofuata zinatokana nayo: usilikubali neno "mchawi" mpaka filamu yenyewe ikulazimishe, na hata hapo uliza limetoka kinywani mwa nani na linamfaa nani.

Anza na neno, kabla ya picha

Wayoruba, ambao wako kusini-magharibi mwa Nigeria na katika sehemu za Benin na Togo, wana neno àjẹ́. Neno hilo hutaja nguvu, na hutaja pia mwenye nguvu hiyo. Katika mapokeo ya Ifá, yaani elimu ya uaguzi ambayo waaguzi wake, babaláwo, huihifadhi kwa moyo katika aya nyingi mno, nguvu hiyo haikutoka kwa shetani wala haikuibwa, bali ilitolewa na Olódùmarè, Muumba mwenyewe. Simulizi moja inaeleza kwamba Odù, mwanamke aliyeshuka duniani pamoja na òrìṣà, yaani miungu ya Kiyoruba, wa kiume, alikabidhiwa kibuyu chenye ndege ndani yake, akaagizwa akitumie kwa hadhari. Ndiyo maana wenye nguvu hiyo huitwa ẹlẹ́yẹ, "wenye ndege", na ndiyo maana taji la shanga la mfalme wa Kiyoruba hupambwa kwa ndege: mfalme hakai kitini bila ridhaa ya akina mama.

Nguvu hiyo ina pande mbili. Inaweza kuharibu mimba, kukausha biashara na kuleta maradhi, na inaweza vilevile kulinda mji, kuzalisha, kutajirisha na kumwangusha mtawala dhalimu. Mchawi wa Kiswahili hana upande wa pili. Tukitaka kumtaja mwenye elimu ya siri anayetibu tunasema mganga, na tumezoea kuwaweka wawili hao kama maji na moto. Kwa hiyo tunapoipokea tafsiri ya "mchawi" tunampokea mwanamke aliyekwisha kukatwa nusu, na hukumu inakuwa imetolewa kabla hajafungua kinywa.

Si bahati mbaya kwamba nusu hiyo ilikatwa. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyekuwa askofu wa Kianglikana, alisimamia tafsiri ya Biblia ya Kiyoruba iliyokamilika mwaka 1884. Katika tafsiri hiyo jina la Èṣù, òrìṣà wa njia panda na mpeleka ujumbe, lilitumika kwa Shetani, na neno àjẹ́ likawekwa katika Kutoka 22:18. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union anaujua mstari huo: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Lugha zote mbili zilipitishwa katika tundu moja la sindano, na zote mbili zikatoka na mwanamke.

Hatua ya kwanza basi ni ya daftari na kalamu. Kila tafsiri ya chini inapoandika "mchawi", rudisha nyuma kidogo usikilize mhusika amesema nini hasa. Huenda amesema àjẹ́. Huenda amesema ìyá wa, "mama zetu", au Ìyàmi, "mama yangu", jina la heshima ambalo wanaolitamka huambatanisha na ishara ya kuomba radhi. Huenda amesema àgbà, "wazee", au ayé, "dunia", kwa sababu watu wenye adabu hawalitaji jambo hilo kwa jina lake, hasa usiku, kama vile wazee wetu wanavyomwita nyoka "kamba" giza likiingia. Na huenda amesema oṣó, ambaye ni mwanamume mwenye nguvu za namna hiyo. Ukimaliza filamu, hesabu. Mara nyingi utakuta kwamba katika lugha yenyewe kulikuwa na maneno matano au sita yenye uzito tofauti, na tafsiri iliyamimina yote katika chungu kimoja.

Angalia pia lafudhi. Neno ajé, lenye irabu tofauti na lisilo na toni ile ya àjẹ́, ni utajiri wa biashara, na pia ni jina la nguvu ya kiungu inayousimamia. Katika miji ya Wayoruba wanawake ndio wenye soko tangu zamani, kiasi kwamba wana kiongozi wao mwenye cheo, Ìyálóde. Mtunzi anayejua lugha yake huyaacha maneno hayo mawili yagusane, na sikio la mtazamaji wa huko husikia mwanamke mwenye mali na mwanamke mwenye ndege katika pumzi moja. Hilo tafsiri haiwezi kukuonyesha. Itakubidi ulitegee sikio.

Sikiliza nani anainamiwa

Hapa mtazamaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mwenzake wa Kiingereza hana. Kiyoruba husema ó pale ambapo sisi tunasema "a-" au "yeye", na kiambishi hicho hakisemi kama mtu ni wa kike au wa kiume. Mwanasosholojia Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alijenga juu ya jambo hilo hoja nzito katika kitabu chake cha mwaka 1997: kwamba katika jamii ya Oyo ya zamani, dola ya Wayoruba, aliyetangulia kuzaliwa au kuingia nyumbani alikuwa na uzito kuliko jinsi ya mtu, na kwamba mgawanyo wa "mwanamke" na "mwanamume" kama tabaka mbili uliimarishwa na ukoloni na wataalamu wake. Wako wanaompinga, na mimi mwenyewe naona kwamba jamii iliyokuwa na Orò, ibada ya wanaume ambayo ikitoka nje wanawake hufungiwa ndani, haikuwa jamii isiyojua jinsi. Hata hivyo onyo lake ni la manufaa sana mbele ya kioo. Mhusika akisema "a-likuja usiku" bila kutaja nani, Kiingereza kitalazimika kuchagua, na kikichagua ya kike kitakuwa kimemshitaki mwanamke kabla ya mhusika yeyote kumshitaki.

Sikiliza vilevile lugha ya heshima. Mtu mzima huzungumziwa kwa wingi, ẹ anapoambiwa na wọ́n anapotajwa. Tazama miili pia: mwanamke humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, na mwanamume kwa kulala kifudifudi. Yapo matukio ambamo kijana anamshitaki bibi kwa kuua watoto huku bado anamtaja kwa wingi wa heshima, na mahali hapo pana mvutano ambao tafsiri inaufuta. Wakati kijana anaacha ule wingi na kuanza kumtaja kama mtoto, andika dakika. Hiyo ndiyo dakika aliyogeuzwa kutoka mama kuwa mshitakiwa, na mara nyingi huja mapema kuliko ushahidi wowote.

Jua filamu imetoka katika tabaka gani la historia

Filamu haichoti moja kwa moja kutoka Ifá. Kati ya aya za babaláwo na kamera kuna angalau mambo mawili makubwa yaliyopita, na asiyeyajua atadhani kwamba hofu yote anayoiona ni ya "jadi".

La kwanza ni Atinga. Mnamo mwaka 1950 na 1951 kundi la wasaka wachawi, lenye asili ya madhabahu ya huko Ghana, lilipita Dahomey, ambayo leo ni Benin, likaingia katika nchi ya Wayoruba wa kusini-magharibi. Wengi wa walioshitakiwa walikuwa wanawake, hasa watu wazima, wakatakiwa kukiri na kulipa ili watakaswe, na vijana wa kundi hilo wakavunja pia madhabahu za òrìṣà. Serikali ya kikoloni ililipiga marufuku mwaka 1951. Kilikuwa kipindi ambacho bei ya kakao ilipanda na fedha zikawa zinapita mikononi mwa wanawake wafanyabiashara, na wataalamu walioichunguza Atinga wameihusisha na misukosuko hiyo ya uchumi. Kwa hiyo mwanamke wa kwenye filamu anayekiri mbele ya umati si lazima awe ametoka katika mapokeo ya kale. Watu waliokuwa watoto mwaka 1951 walikuwa watu wazima Ogunde, tutakayekutana naye sasa hivi, alipopiga filamu yake ya kwanza, na baadhi yao walikuwa wamekaa viti vya mbele.

Hubert Ogunde, aliyeishi kati ya mwaka 1916 na 1990, ndiye baba wa jambo la pili, yaani maigizo yaliyogeuka kuwa filamu. Alianza na maigizo ya kanisa mwaka 1944, akaunda kundi la kitaalamu lililozunguka miji kwa miaka mingi, na waigizaji wake wa kike wengi alikuwa amewaoa. Mwaka 1979 alitoa Aiye, iliyoongozwa na Ola Balogun, na mwaka 1980 Jaiyesimi. Sasa unaweza kulisoma jina hilo la kwanza bila msaada: ni ile "dunia" ya wenye adabu, jina la mzunguko la akina mama wenye nguvu. Ndani yake mganga mwema, anayechezwa na Ogunde mwenyewe, anapambana na kundi la usiku linalouangamiza mji. Mpango huo, mwanamume mmoja mwenye hekima dhidi ya wanawake wengi wenye njaa, ukawa kama kiolezo cha ushonaji. Wengi waliokuja baadaye walikata kitambaa chao juu yake.

Kisha uchumi wa Nigeria ukaporomoka katika miaka ya 1980, filamu za mkanda wa sinema zikawa ghali mno, na watu wa maigizo wakageukia kamera za video za kawaida. Mwaka 1989 mfanyabiashara Kenneth Nnebue, ambaye miaka mitatu baadaye angetoa filamu ya Kiigbo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa soko la video la Nigeria, aligharamia video ya Kiyoruba iitwayo Aje Ni Iya Mi, na ikauzika vizuri. Maana ya jina hilo ni "mama yangu ni àjẹ́". Ni jina linalostahili kukaliwa kitako, kwa sababu "mama yangu" ndilo hilohilo jina la heshima la nguvu yenyewe. Kwa mapokeo, kumwita àjẹ́ mama ni kumtukuza. Kwenye jalada la video, kumwita mama àjẹ́ ni kumtangaza, na watu wakatoa fedha.

Tabaka la tatu ni la mahubiri. Mike Bamiloye alianzisha huduma ya Mount Zion mwaka 1985, na filamu zake, Agbara Nla ikiwa maarufu kupita zote, ziliingia makanisani na majumbani kote Nigeria na nje yake. Hapo babaláwo mwenyewe anakuwa upande wa giza pamoja na wale aliokuwa akipambana nao.

Njia rahisi ya kutambua tabaka ni kuuliza: nani anamshinda àjẹ́? Akishindwa na babaláwo, uko karibu na Ogunde. Akishindwa na mchungaji, au na alfa, yaani sheikh wa Kiyoruba, filamu imehamia uwanja mwingine. Asiposhindwa na mtu bali anaombwa, anapewa sadaka na kurudishiwa heshima yake, basi umebahatika kukutana na mtunzi anayewasikiliza wazee wa Ifá, kwa maana katika Ifá jibu la kawaida mbele ya akina mama ni kutuliza.

Simamisha picha kwenye mkato

Wayoruba wana methali inayosema: Àjẹ́ ké lánàá, ọmọ kú lónìí, ta ni kò mọ̀ pé àjẹ́ àná ló pa ọmọ jẹ? Àjẹ́ alilia jana, mtoto amekufa leo. Nani asiyejua kwamba ni àjẹ́ wa jana aliyemla mtoto? Isome taratibu, kwa sababu ndani yake mna ufundi wote wa uhariri wa filamu hizi. Matukio mawili yanawekwa sambamba, na swali lisilotaka jibu linayaunganisha. Mhariri hufanya vivyo hivyo kwa mkato: bundi kwenye paa, kisha mtoto mwenye homa, kisha uso wa bibi akitabasamu. Hakuna aliyemwona bibi akitenda lolote. Sisi ndio tulioshona.

Fanya hivi: chagua tukio moja la msiba, lisimamishe kwenye kila mkato, na uandike kwa kila picha kama kuna mhusika aliyeiona au ni sisi watazamaji peke yetu tuliooneshwa. Filamu inayotuonyesha mkutano wa usiku ambao hakuna mwanakijiji aliyeushuhudia imejifanya shahidi yenyewe. Haituachi katika hali ya majirani, ambao wana mashaka, uvumi na kilio tu. Inatupa uhakika ambao katika maisha hakuna mtu anao. Hilo ndilo jambo zito kuliko mengine katika aina hii ya filamu, na ningemshauri mwalimu yeyote anayezifundisha atenge muda wake mwingi hapo kuliko kwenye mavazi na viini macho.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Watoto walikufa kweli, na familia iliyozika watoto watatu wachanga mfululizo ilitafuta maana. Wayoruba wana jina àbíkú kwa mtoto anayezaliwa ili afe na kurudi tena. Lakini angalia maana hiyo inapoelekezwa: kwa mke mwenza asiyezaa, kwa mama mkwe, kwa shangazi mwenye duka, kwa bibi aliyeishi kupita wenzake. Ni wanawake ambao tayari wanasimama pembeni mwa nyumba, au waliosimama juu mno. Wa pili hawa husahauliwa. Efunsetan Aniwura, Ìyálóde wa Ibadan, mfanyabiashara mwenye mashamba na watumwa wengi, aliuawa mwaka 1874 katika ugomvi wake na Latoosa, mtawala wa mji. Tamthilia maarufu ya Akinwumi Isola, ambayo baadaye ilifanywa filamu, iliwakumbusha watu juu yake kama mwanamke katili aliyeharibiwa na uchungu wa kufiwa na binti yake wa pekee. Mwanahistoria Bolanle Awe alionyesha ni kiasi gani kisa chake kilikuwa cha siasa na madaraka. Ukatili kwa watumwa wake sitautetea. Nauliza tu kwa nini wababe wa vita wa Ibadan ile ile wanakumbukwa kwa ushindi wao.

Tazama pia nyuso. Kazi ya kuigiza àjẹ́ hupewa waigizaji wachache walewale, wanawake watu wazima wenye macho makali na mikunjo, na Margaret Bandele Olayinka, ajulikanaye kama Iya Gbonkan, amejulikana nchi nzima kwa sehemu hizo. Ni ufundi wa hali ya juu, na namheshimu. Lakini mtazamaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa uzito wa uso wa bibi. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe katika miaka mingi ya kupikia watu chakula. Huko Kisii, Kenya, mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kamera inaposogea polepole kwenye macho ya mwigizaji na muziki ukashuka, tambua kwamba unafundishwa kutambua kitu, na jiulize utakitambua kwa nani ukitoka nje.

Zigeukie dawa za wanaume

Filamu nyingi huipa nguvu ya kike jina la uovu na nguvu ya kiume jina la elimu, hata zinapofanya kazi ile ile. Tunde Kelani aliligusa jambo hili kwa ujasiri katika Thunderbolt: Magun ya mwaka 2001, inayotokana na kazi ya Adebayo Faleti. Mágùn, "usipande", ni dawa ambayo mume hutegeshea mwili wa mkewe ili mwanamume mwingine atakayemgusa afe, au mke mwenyewe afe muda ukipita. Sisi tuna neno lake: tego. Msomaji wa pwani na wa bara anavijua visa vya tego, na huvisimulia kwa kicheko, kama adhabu ya mgoni aliyenaswa. Kelani hacheki. Anamfuata Ngozi, mwanamke wa Kiigbo aliyeolewa na Yinka, Myoruba, na kuturudisha kwa subira kwenye swali ambalo kicheko hulificha: ni mwili wa nani uliogeuzwa mtego, na nani aliuomba ruhusa? Hakuna bibi chini ya mvule katika kisa hiki. Kuna mume mwenye wivu na uvumi aliousikia, na mauti yapo pale pale.

Kwa filamu yoyote utakayoitazama, chora mistari miwili katika daftari: nguvu iliyotumiwa na mwanamke, nguvu iliyotumiwa na mwanamume. Andika kila moja ilidhuru nani, na filamu iliiitaje. The Figurine ya Kunle Afolayan, ya mwaka 2009, ni zoezi zuri la namna hii, kwa sababu hadi dakika zake za mwisho inakuuliza kama maafa yanatokana na laana ya Araromire, mungu wa kike wa sanamu, au na mkono wa binadamu mwenye tamaa.

Kifuate kibuyu

Asiyeitazama bado Anikulapo ya mwaka 2022, ya mwongozaji huyo huyo, airuke aya hii. Saro, mfumaji, anafika Oyo ya kale, anapendana na Arolake, mke mdogo wa mfalme, na anauawa. Ndege aitwaye àkàlà anashuka kumfufua. Arolake ndiye aliyeshuhudia, ndiye aliyemfukuza ndege na kukichukua kibuyu kidogo chenye nguvu ya kufufua wafu. Unakumbuka Odù: mwanamke, ndege, kibuyu. Picha nzima ya asili imewekwa mbele yetu, kisha inakabidhiwa kwa mwanamume, ambaye anapata jina, mali na wake wengine, na watu wanamshangilia kwa jina la "mwenye kifo mfukoni". Arolake anapokichoka kiburi cha Saro anaiondoa nguvu na kwenda zake. Wapo waliomwita msaliti. Mimi naona filamu imetimiza, pengine kwa makusudi na pengine kwa kina cha mapokeo yenyewe, ile sheria ya kwamba nguvu ya mfalme na ya shujaa ni ya kuazimwa, na aliyeazima huweza kudaiwa.

Baada yake tazama Arugba ya Kelani, ya mwaka 2008, iliyojengwa juu ya sikukuu ya Ọ̀ṣun, òrìṣà wa kike wa mto, kama ile ya mji wa Osogbo, ambayo msitu wake mtakatifu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005. Arugbá ni msichana anayebeba kichwani kibuyu cha sadaka cha mji mzima hadi mtoni. Kibuyu kile kile, safari hii mchana kweupe, mbele ya mfalme, kichwani mwa binti ambaye asipofika mji hauna amani. Zitazame mbili hizi katika juma moja, maana zikitenganishwa sana ulinganisho unapotea.

Ukipata nafasi, tafuta pia picha za ngoma ya Gẹ̀lẹ̀dẹ́, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa hazina ya binadamu mwaka 2001. Wanaume wa Ketu, mji wa Wayoruba ulioko Benin, na maeneo ya jirani huvaa vinyago vya mbao juu ya vichwa, wakajifunga vitambaa vya wanawake na kujaza vifua na makalio, wakacheza ili kuwaenzi na kuwatuliza akina mama. Ni watu wale wale, na nguvu ile ile ambayo video za dukani ziliifanya kuwa jinamizi. Hapo inachezewa ngoma.

Unapoongoza mjadala baada ya filamu, weka jambo moja wazi tangu mwanzo. Sheria ya jinai ya kusini mwa Nigeria, katika kifungu cha 210, humtia hatiani anayejidai kuwa mchawi na vilevile anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Usikubali mjadala ugeuke kuwa mahali pa kumtaja jirani au ndugu wa mtu. Mtu akianza, "hata kwetu kuna bibi mmoja", mrudishe kwenye filamu kwa upole.

Mwenye kuanza kutoka sifuri ningemshauri afuate mpangilio huu: kwanza Magun, ili hofu ianzie kwa mume, pili Arugba na Anikulapo, na Aiye mwisho kabisa, ingawa ndiyo ya zamani kuliko zote, kwa sababu atakayeitazama mapema ataona wanawake wabaya na mganga mwema na kuridhika. Mganga huyo anaitwa Osetura. Katika aya ya Ifá, òrìṣà kumi na saba walitumwa duniani, na kumi na sita wa kiume wakamtenga yule mmoja wa kike, Ọ̀ṣun. Kila walilofanya likaharibika: mvua haikunyesha, wagonjwa hawakupona. Walirudi kwa Olódùmarè, wakaambiwa wakamwangukie. Ọ̀ṣun, mwenye nguvu za àjẹ́, alikuwa mjamzito, na mtoto aliyemzaa, ambaye kupitia kwake kazi zao zilikubaliwa tena, aliitwa Ọ̀ṣẹ́túrá. Itazame Aiye ukilijua jina la mama yake.